Vijana Wanasoma, Sisi Ndio Tuliowanyima Vitabu



Jamaa zangu na wasomaji wangu watukufu, mlioko Muscat na Nizwa, Dubai, London na Toronto, na nyinyi mliobakia Unguja na Pemba mkilinda makaburi ya wazee wetu: ukurasa huu kwa desturi huwaletea nasaba, picha za zamani na habari za nyumba tulizoziacha. Leo nawaletea ugomvi. Nagombana na wazee wenzangu, na wa mwanzo katika hao ni mimi mwenyewe.

Siku ya pili ya Idi, baada ya masinia ya shuwa kuondolewa na gahawa kuzungushwa, mazungumzo ya majlisi yalifika pale yanapofika kila mwaka. Mmoja wetu akasema vijana wa leo hawasomi. Wa pili akasema Kiswahili kinawafia mdomoni. Wa tatu akaapa kuwa wajukuu zake hawawezi kumaliza ukurasa mmoja wa lugha yoyote, isipokuwa ule wa simu. Nami, niliyekula mshahara wa ukarani miaka 31 na kwa hivyo hujidhania kuwa mlinzi wa kila kilichoandikwa, nikasema kwa sauti ya juu kuliko wote kwamba kizazi hiki kimekwisha. Tukatikisa vichwa, tukanywa gahawa yetu, tukaridhika na nafsi zetu.

Maneno yale nayafuta hapa, mbele ya walioyasikia. Na sababu ya kuyafuta ni hii.

Mjukuu wa dada yangu, binti wa miaka 15 anayesoma kidato cha tatu huko Unguja, alikuwa mgeni wetu Idi hiyo. Usiku ule ule, saa saba, nilipoamka kunywa maji nilimkuta ukumbini, taa imezimwa, simu inammulika uso. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, kitu hicho kitakuharibu macho." Akanijibu kwa adabu, "Niwie radhi, Babu, namaliza sehemu hii tu." Nikamuuliza sehemu ya nini. Akasema, "Ya hadithi."

Nikaitaka simu, nami nimekwisha kuyapanga maneno ya kumkanya. Ilikuwa simulizi ya Kiswahili, sehemu ya 112, ya bibi harusi aliyehamia nyumba ya ukweni yenye chumba ambacho hakifunguliwi. Nikasoma sehemu moja ili nipate la kulaumu. Nikasoma ya pili. Wallahi, adhana ya alfajiri ilinikuta sehemu ya tisa, miwani imenishuka puani, na mwenye simu kesha lala zamani.

Asubuhi nikamhoji kwa upole. Kumbe simulizi za namna hii zinaandikwa kwa wingi na vijana wa Tanzania, zikasambazwa kwa WhatsApp na Facebook. Sehemu za mwanzo hutolewa bure, na anayetaka kuujua mwisho humtumia mwandishi shilingi kwa simu. Binti yule tangu skuli zifungwe alikuwa amekwisha soma sehemu zaidi ya mia mbili. Mimi niliyetangaza majlisini kuwa yeye na wenziwe hawasomi, mwaka ule sikuwa nimemaliza hata kitabu kimoja.

Nikataka kujitetea. Nikamuuliza, "Na vitabu vya fasihi vya skuli je? Watoto wa Mama N'tilie umekisoma?" Akasema, "Nimesoma uchambuzi wake, Babu. Kitabu chenyewe kipo kimoja, anacho mwalimu."

Jawabu hilo linanikera hadi leo. Mtoto ambaye lugha ya taifa lake ni Kiswahili, na ambaye hukesha akisoma Kiswahili kwa hiari yake, amepewa na wakubwa wake muhtasari wa dhamira na wasifu wa wahusika, kitabu chenyewe hakukiona. Kisha sisi tunauliza kwa nini hasomi.

Na sisi tulianzaje kusoma? Tusidanganyane, wazee wenzangu, maana wengi wetu tulikuwa pamoja.

Mimi nilizaliwa Unguja mwaka 1958. Asubuhi nilikwenda skuli, alasiri chuoni, na baada ya sala ya Isha marehemu babu yangu akinisomesha nahau ya Kiarabu kwa sharhi ya Ajurumiya, kitabu kipana kinachotosha kuficha kitabu kingine ndani yake. Ndani yake mimi nilikificha Mzimu wa Watu wa Kale. Nilipokamatwa nilikula bakora tatu na kuambiwa kuwa hizo ni porojo za kupoteza umri.

Porojo hizo aliziandika Muhammad Said Abdulla, mhariri wa jarida la Mkulima. Hadithi yake ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58, na mwaka 1960 ikatoka kitabu. Ndani yake tulimjua Bwana Msa na kiko chake, na sahibu yake Najum, wakitafuta aliyemuua tajiri aliyekutwa amekufa mahali pa mizimu. Kilipotoka Kisima cha Giningi mwaka 1968, nakala moja ilipita mikono ishirini mtaani kwetu, ikarudi haina jalada. Duniani Kuna Watu kilitoka mwaka 1973, nami nikakisoma mara tatu. Huko Bara vijana wa rika letu walikuwa na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla tangu mwaka 1965, na baadaye Kufa na Kupona cha Elvis Musiba. Hivyo navyo walimu na wazee wengi wakivitazama kwa jicho la pembeni.

Nani alitutuma kuvisoma? Hakuna. Nani alituuliza tumepata mafunzo gani? Hakuna. Tulivisoma kwa kuwa tulitaka kumjua muuaji. Na katika kumtafuta muuaji tuliokota, bila kujua, sentensi ndefu zisizopinda, maneno ya mjini na ya shamba, mzaha, kinaya, na ile raha ya kukaa peke yako na maandishi ya lugha yako ukajiona huna upweke. Mimi kutoka kwa Bwana Msa ndipo nilipofika kwa Shaaban Robert. Lau ningaliwekewa Shaaban Robert mlangoni kama bawabu, naapa nisingaliingia nyumba ile.

Basi mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bakora tuliyopigwa sisi kwa ajili ya porojo tuliilalamikia, kisha tulipozaa tukaishika.

Nasema hivi kwa ushahidi wa nyumbani kwangu. Tulihamia Muscat mwaka 1975, na wanangu wote walizaliwa huku, wakasoma skuli za Kiarabu, lugha ya taifa lao. Walipokuwa wadogo nikiwanunulia jarida la Majid, linalotoka Abu Dhabi tangu mwaka 1979, nami nikijiona baba hodari. Lakini mwanangu wa kwanza alipobaleghe akayaacha ya watoto, akaanza kuleta nyumbani vile vitabu vidogo kutoka Misri viitwavyo riwaya za mfukoni: vya majasusi vya Nabil Faruq, na vya majini na mambo yasiyoelezeka vya daktari wa Tanta, Ahmad Khalid Tawfiq, aliyeanza kuviandika mwaka 1993. Mwanangu akivisoma mezani, akivisoma garini. Na mimi, mtoto wa Bwana Msa, niliyefundishwa kwa bakora tatu ni vipi kijana hupenda kusoma, siku moja nilikichukua kitabu kimoja mikononi mwake nikakichana. Nikamwambia asome Kiarabu cha maana.

Hakusoma cha maana wala kisicho cha maana. Tangu siku ile hakufungua tena hadithi ya Kiarabu.

Aprili mwaka 2018 Ahmad Khalid Tawfiq alifariki, na maelfu ya vijana wakafurika Tanta kumzika, mazishi ambayo waandishi wakubwa wa tuzo na maksi hawayapati. Mwanangu alinipigia simu. Akasema, "Baba, yule mtu uliyenichania kitabu chake amefariki." Sikuwa na jawabu, na hadi hivi leo sina.

Kwa hivyo ninaposema sisi ndio tuliowanyima vitabu, simsingizii mtu. Lakini kosa si la mababa peke yao. Liko pia katika mpango mzima wa mambo, na hapo nitasema wazi.

Tanzania tunayojivunia kuwa ndiyo ngome ya Kiswahili humfundisha mtoto kwa Kiswahili katika skuli ya msingi, na anapofika sekondari, akiwa na miaka 13 au 14, lugha ya masomo hubadilika ikawa Kiingereza. Kwetu Visiwani, kwa sera ya mwaka 2006, hisabati na sayansi ziligeuzwa Kiingereza mapema zaidi, tangu darasa la tano. Sera ya Bara ya mwaka 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitumike katika ngazi zote za elimu, na skuli za sekondari zikaendelea na Kiingereza kama zilivyokuwa. Sasa uangalieni umri huo. Ni umri ambao kijana huanza kuwa na chumba cha siri moyoni mwake, akaanza kuuliza mapenzi ni nini, haki ni nini, na yeye ni nani mbele ya wazee wake. Katika umri huo huo tunamwambia, kwa vitendo ingawa si kwa ulimi, kuwa lugha yake imemaliza kazi. Kiswahili kinabakia somo moja katika ratiba, na hadithi katika somo hilo huulizwa maswali kama mshitakiwa: taja dhamira nne, eleza falsafa ya mwandishi, thibitisha kwa mifano. Takadini ni hadithi nzuri, na Vuta N'kuvute cha Adam Shafi ni miongoni mwa riwaya tamu kuliko zote zilizoandikwa kwetu, lakini hata halua ukimlisha mtu kwa mtihani ataichukia.

Nayajua majibu yenu, kwa kuwa mengi niliyatoa mimi.

Mtasema simulizi za simu zina uchafu. Kweli, baadhi yake zinao, na zipo nilizozisoma kwa ajili ya makala hii ambazo nisingependa binti yule azione. Lakini ni nani aliyeuacha uwanja huo mtupu hata kila mtu akajijengea kibanda? Na mnapoapa kwa usafi wa vitabu vya zamani, kumbukeni kuwa Alfu Lela U Lela mnayoisifu ina usiku ambao hakuna mzee angemsomea mjukuu wake. Chakula kibaya hakiondolewi kwa njaa. Kinaondolewa kwa kuweka kizuri sahanini.

Mtasema Kiswahili chao ni kibovu, kina makosa ya tahajia na maneno ya mitaani. Nami nimeyaona, na mkono wa karani uliniwasha kutia wino mwekundu. Hata hivyo, makosa ya mwandishi husahihishwa na mhariri, na mhariri hulipwa na msomaji anayenunua. Vijana wale wanaandika bila mhariri, na wanalipwa na watoto wa skuli kwa shilingi za vocha, ilhali sisi wenye pensheni tunatoa nasaha bure. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunatumiana mashairi ya kuisifu lugha. Lugha haiishi kwa kusifiwa.

Mtasema, na hili hunijia zaidi kutoka kwa jamaa wa Muscat na Dubai, kwamba watoto wetu ni Waarabu, lugha ya taifa lao ni Kiarabu, na Kiswahili ni cha bibi zao. Sawa, nakubali. Basi nionyesheni Kiarabu wanachokisoma kwa raha. Mmewapeleka skuli za binafsi za Kiingereza, mnaongea nao Kiingereza cha dukani, na maonyesho ya vitabu ya Muscat yanapofika kila mwaka mnawanunulia kalamu za rangi na vitabu vya mitihani. Hamkuwakata Kiswahili ili muwape Kiarabu. Mmewakata mikono yote miwili, kisha mnashangaa hawashiki kitu.

Na nyinyi wa London na Toronto msicheke. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipopata Tuzo ya Nobeli, hakuna simu ya ukoo huu iliyopumzika siku ile. Mimi mwenyewe nilipeleka pongezi kwa watu arubaini, kana kwamba nilimshikia kalamu. Kitabu chake cha mwaka 1994, Paradise, kilifasiriwa na Ida Hadjivayanis, kikatoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Miaka 28 ilipita kabla ya kijana wa kwetu kuweza kuwasoma watu wale kwa lugha ya pwani yao. Je, katika sisi tuliopongezana, wangapi walikinunua Peponi? Mimi nilikinunua mwaka jana. Sitaki kuwaaibisha wengine kwa kuwauliza.

Tutazameni nyumba zetu. Kabati la kioo lina mabuli ya mababu, khanjari ya fedha, jahazi la mbao na picha ya forodhani. Ukutani ipo shajara ya ukoo, imeandikwa kwa khati nzuri na kufanyiwa fremu ghali, vizazi saba. Mimi ndiye niliyeiandika ile iliyo kwangu, na kazi hiyo ilinichukua miaka minne. Lakini wajukuu zangu wanaweza kupita chini yake miaka ishirini wasijue kusoma barua moja ya bibi yao mkubwa, barua ninazo sandukuni, ambazo ndani yake ameeleza kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe alivyouza bangili zake ili sisi tusafiri. Nasaba huhifadhi majina. Bangili zile zimo katika barua, na barua itasomwa na yule tu aliyezoea kusoma kwa raha, tangu alipokuwa na miaka 14, lugha iliyoandikiwa.

Hilo ndilo ninaloliogopa, jamaa zangu. Siogopi kuwa Kiswahili kitakufa, kwani kina watu mamilioni na hakitungojei sisi. Naogopa kuwa kitaendelea kuishi bila ya watoto wetu.

Basi ninayoyataka ni machache, na yote yako ndani ya uwezo wa mtu mwenye pensheni.

Anayekuja kutoka Unguja, tunamwagizia embe boribo, pweza mkavu na halua. Tumwagizie na hadithi moja, na hadithi hiyo aichague kijana wa umri wa yule atakayepewa, sio mimi wala wewe. Idi ikifika, tunawapa watoto pesa. Tuwape pesa na kitabu. Kijana akitaka kulipia sehemu za simulizi yake, tumlipie, kisha tumuombe atusimulie ilipofikia, na akisimulia tumsikilize mpaka mwisho bila ya kumuuliza amejifunza nini. Wenye jamaa walimu na wachapishaji huko nyumbani wawaulize: darasa lina nakala ngapi za kitabu chenyewe, mbali na vile vitini vya uchambuzi? Na wale wenye mali, badala ya kufadhili kongamano jingine la kuwasikiliza wazee kama mimi, watafute waandishi wawili watatu kati ya wale wa simu, wawalipie mhariri na chapa. Huko ndiko alikojificha Bwana Msa wa zama hizi, na huenda ana miaka 22 na anaandika kwa kidole gumba ndani ya daladala.

Binti yule amerudi Unguja. Kabla hajaondoka nilimuomba jambo, na si desturi ya babu kumuomba mjukuu. Nilimuomba anisamehe kwa niliyoyasema majlisini, kwani alikuwa chumba cha pili na aliyasikia. Akacheka kwa haya. Wiki tatu baadaye mpwa wangu alipata nakala kuukuu ya Mzimu wa Watu wa Kale, akampelekea. Jumapili iliyopita binti akaniandikia kwa simu: "Babu, huyu Bwana Msa anakera, anajua kila kitu halafu hasemi. Usinambie nani kaua."

Sikumwambia. Na kwa mwanangu nilikwenda Alkhamisi, nikiwa na riwaya tano za yule daktari wa Tanta nilizozitafuta maduka matatu. Alizipokea, akaziweka mezani, akanimiminia gahawa. Kama atazisoma au hatazisoma, hilo ni lake. Mimi deni langu nimeanza kulilipa, nanyi lipeni la kwenu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.